Kuku wa Mama Furaha

Arua, Alhamisi, Agosti 1974. Jioni, kabla ya chakula.

Mvua inanyesha tangu asubuhi, inakatika kidogo, inaanza tena. Mimi pia siku nzima sijatulia. Naketi kwenye cherehani, nainuka. Nachungulia barabarani, narudi. Nimechemsha chai nikaisahau mpaka ikapoa, na chai yenyewe haina sukari, kwa hiyo sikupoteza kitu. Muuza chumvi tunayegawana naye kibaraza ameniuliza kama nina tumbo la kuendesha.

Sina tumbo. Nina kuku.

Shajara yangu, nimejicheka mwenyewe nilipoandika hilo. Kesho asubuhi Bwana Kato, mtu wa bima aliyetoka Kampala, atakuja kukaa hapa kwenye kiti cha wateja wangu na kuniuliza swali moja tu: lile gari mliazima au mlikodi? Nikisema tuliazima, kampuni yake italipia mguu wa Fundi Wani uliovunjika. Nikisema tulikodi, hailipi. Na mguu wa Fundi Wani usipolipiwa, mdogo wangu Edema hapewi mke.

Hayo ndiyo yaliyoninyima raha. Ngoja niyaandike tangu mwanzo, labda yakitoka kichwani yatanipa nafasi ya kupumua.

Edema ni kitinda mimba wa mama. Ni dereva wa lori la tumbaku, ana leseni safi, na ana haraka ya kuoa ambayo imetuchosha wote. Mchumba wake, Kiden, ni Mkakwa wa Koboko. Tulikwisha kupatana na watu wake, mbuzi wamekwenda, ng'ombe wamekwenda, gauni la bibi harusi nimelishona mimi mwenyewe na bado linaning'inia ukutani hapa mbele yangu, pindo la chini halijamalizika. Ilibaki kwenda kumchukua tu.

Kwenda kwa chombo gani? Basi siku hizi linakwenda likipenda. Lori la tumbaku si la kubebea shangazi zangu, na mwenye lori angemfukuza Edema kazi. Ndipo tukamfuata Mama Furaha.

Mama Furaha ni mfanyabiashara wa samaki wakavu pale Vurra, mpakani. Alitoka upande wa Kongo miaka mingi iliyopita, akajenga, akakaa. Ana Pijo ya rangi ya maziwa, ile yenye nyuma ndefu ambayo watu wanaingia kumi na bado anatafutwa wa kumi na moja. Gari linanuka samaki hata likioshwa kwa sabuni, na sabuni yenyewe siku hizi nani anayo? Lakini linakwenda. Kwenye kioo cha mbele kuna kile kikaratasi cha mviringo cha bima. Nakumbuka Edema alikigusa kwa kidole akaniambia, "Dada, hili gari liko na bima. Hata tukipata shida, hatuna shida."

Mimi nikaamini. Nani asingeamini? Kikaratasi kilikuwa kipya, kina muhuri.

Tulimwendea na pesa zetu mkononi. Mama Furaha akazitazama kama tumemletea nyoka.

"Franga hapana," alisema. "Ule mutu ya bima alinikataza kabisa. Alisema hii motokari iko ya kubeba miye na batu yangu na samaki yangu, haiko ya kulipisha batu. Nikikamata franga tu, bima inakufa."

Edema akaanza kumbembeleza. Mama Furaha akainua mkono kumnyamazisha, kisha akatabasamu na jino lake la dhahabu likaonekana.

"Lakini kuku," alisema, "kuku haiko franga."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tukapatana kuku sita, wakubwa, siyo vifaranga, na petroli juu yetu. Petroli Edema aliipata anakojua mwenyewe, sikuuliza. Mimi ndiye niliyemsifu Mama Furaha kuliko wote. Nilimwambia kichwa chake kinafaa kukaa bungeni, na yeye akanijibu kwamba bunge la siku hizi halina hata viti.

Hapa lazima niseme ukweli wangu. Sikuona kama tunalipa. Kwetu mtu anayepanda chombo cha mwenzake kwenda kuchukua bibi harusi hapandi mikono mitupu, huo si mtindo wa watu. Kila shangazi alitoa kuku wake kwa furaha. Waligombana hata, nani kuku wake mnono. Laiti Mama Furaha angetaka shilingi, ningezunguka wiki nzima nikiziomba na ningerudi na visingizio. Kuku walifika kwa siku moja.

Watano walifika asubuhi ya safari. Mama Furaha aliwapima kwa mkono mmoja mmoja, akawafungia bandani kwake, akakubali kumngoja wa sita, ndipo akampa Edema ufunguo.

Wa sita alikuwa wa Shangazi Onzia.

Shangazi Onzia ni dada wa marehemu baba, na hajawahi kuwahi mahali popote. Tulimkuta barabarani pale Ombaci, amesimama na mwavuli na jogoo mwekundu kwapani, akitulaumu sisi kwa kuchelewa. Tukasema jogoo tutampa Mama Furaha tukirudi. Nyuma kulikuwa kumejaa, watu wamepandana. Jogoo akawekwa mbele, chini ya kiti changu, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba.

Kamba ya mgomba ikikauka inalegea. Kila mtoto anajua.

Tulikwenda vizuri tu, nyimbo, vigelegele, shangazi wakigonga ubavu wa gari kwa mikono. Tulipokuwa tunakaribia Koboko, kwenye mteremko wa daraja dogo, nilisikia kitu kinakwaruza miguu yangu. Nikainama. Kabla sijakishika, jogoo alikwisha ruka. Alimpiga Edema usoni kwa mabawa, manyoya yakajaa mbele. Edema akapiga kelele, gari likakimbilia kushoto.

Kushoto kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli.

Sitaandika sauti ile. Niliisikia, inatosha.

Gari lilikwama kwenye mti, pua imekunjamana, maji yanatoka. Sisi tulitoka wazima, shangazi mmoja amepoteza kitambaa cha kichwa tu. Yule mtu alikuwa amelala kwenye mfereji wa kando, mguu wake wa kulia umekaa vibaya. Baiskeli ilikuwa chini yake, na juu ya baiskeli ubao mkubwa wa mvule uliochongwa maua, umepasuka katikati. Ulikuwa ubao wa kichwani wa kitanda. Akamtazama Edema, kisha akatutazama sisi wengine na nguo zetu za sherehe.

"Nyinyi iko watu ya Arua?" aliuliza. "Watu ya Edema?"

Tukasema ndiyo.

"Mimi iko Wani," alisema. "Mjomba ya Kiden. Hii kitanda ilikuwa yenu."

Tulikuwa tunakwenda kuchukua mke, tukamgonga mjomba wake.

Lori la jeshi lililopita ndilo lililombeba, na kesho yake akafikishwa Kuluva, hospitali ya misheni, ambako ndiko wanakojua mifupa. Sisi tulilala Koboko kwa aibu, tukarudi bila bibi harusi. Wazee wa Kiden hawakutukana hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Walisema mambo mawili tu kwa upole. Kwao binti hatoki nyumbani mpaka mjomba wake, ndugu wa mama, asimame mlangoni amnyunyizie maji ya baraka. Na huyu mjomba sasa hawezi kusimama. Kwa hiyo mguu uzungumzwe kwanza, utibiwe, wanawe walishwe wakati hafanyi kazi, halafu tutaongea habari za mke.

Edema tangu siku hiyo anaendesha lori lake la tumbaku, anarudi, anatazama ukuta. Jana nilimkuta ameshika pindo la gauni la Kiden. Nikatoka nje nikajifanya natafuta mkasi.

Jana hiyohiyo nilikwenda Kuluva. Nilikwenda na uji na ndizi, na woga. Fundi Wani amelala mguu umefungwa plasta mpaka juu, na kazi yake ni kukagua kitanda cha hospitali. Alinionyesha jinsi miguu ya kitanda ilivyounganishwa, akasikitika sana. Daktari amemwambia mguu utapasuliwa mara nyingine, urekebishwe, na kabla ya miezi mingi asitarajie kusimama kwenye meza yake ya useremala. Ana watoto, mdogo bado anabebwa.

Akaniambia mtu wa bima amekwisha kumwona.

"Aliniuliza gari ilikimbia sana?" Fundi Wani alisema. "Nikasema mimi hapana jua kukimbia. Mimi niliona kuku kwanza, gari ilikuja nyuma."

Nilicheka, nikalia palepale. Akaniacha nilie. Kisha akasema neno ambalo limenifuata njia nzima ya kurudi, na leo limekaa nami cherehani:

"Candiru, mimi nataka mguu yangu. Na nataka Kiden aolewe, maana huyo kijana iko mzuri. Lakini sitaki kesho mtu akuje kusema mguu ya Wani ilitengenezwa na uongo. Mimi ndiyo nasomea watu Biblia Jumapili. Nitasimama mbele yao na mguu gani?"

Ningependa angeniambia kinyume. Ningependa aseme, danganya tu mwanangu, Mungu anaelewa. Ningerudi nyumbani nikalala usingizi.

Leo asubuhi Mama Furaha alifika kabla sijafungua mlango. Alikuwa amelowa, na hakuwa na tabasamu. Juzi alimfuata mtu wa bima kituo cha polisi, gari lake lilikovutwa, akamuuliza lini litatengenezwa. Bwana Kato akamweleza kwamba bima yake ni ya watu wa nje ya gari, wale wanaogongwa. Gari lenyewe halimo. Kioo, taa, pua, yote ni juu yake.

"Kumbe miaka yote nililipa ju ya batu bengine!" alinipigia kelele, akipiga viganja. "Miye mwenye motokari nakula nini? Ile kikaratasi ya kioo?"

Nikamkalisha. Nilimwonea huruma kweli, maana vipuri vya Pijo havipatikani hata Kampala, na bila gari samaki wake wataozea mpakani. Lakini alikuwa amekuja kwa jambo lingine. Alinishika mkono.

"Wewe utasema tuliazima," alisema. "Ni kweli, siyo uongo. Franga hakuna. Sikukamata hata senti. Kuku haiko franga, Candiru. Ulicheka na wewe, unakumbuka?"

Nakumbuka. Nilicheka sana.

Aliondoka, nikarudi kwenye cherehani. Nilitia uzi kwenye sindano ukakataa. Nikatia tena.

Halafu mchana, mvua ikiwa kubwa kabisa, Bwana Kato mwenyewe akaja.

Nilitarajia mtu mwenye tumbo na mkoba. Alikuja mtu mwembamba, koti la mvua limemzidi, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope na soksi amezisokomeza mfukoni. Akaomba maji ya kunawa miguu kabla ya kukaa. Hilo lilinivunja nguvu. Mtu mbaya ningejua namna ya kupambana naye.

Kiswahili chake ni cha kusafiri, kinatosha. Nikamwomba anieleze hii bima vizuri, maana nilichoka kuisikia kwa watu. Akaeleza bila kunidharau. Alisema watu wengi wanatoa kidogo kidogo kila mwaka, wanaweka mahali pamoja, ili yule anayepatwa na balaa asianguke peke yake. Lakini kila mtu anatoa kulingana na hatari anayoileta. Mama Furaha alitoa ada ya mtu anayebeba jamaa zake na samaki wake. Rafiki akiazima gari lake, rafiki mwenye leseni, anayeruhusiwa na mwenyewe, hakuna neno, anahesabiwa kama mwenyewe. Lakini gari la kukodisha ni kitu kingine.

"Gari ya kukodi inakwenda kila siku, na kila mtu, inajaza watu," alisema. "Hatari iko kubwa, na ada iko kubwa. Yeye hakutoa ile kubwa. Sasa sisi tutachukua wapi? Tutachukua kwa wale wengine walioweka."

Nikaelewa. Nilitamani nisielewe, lakini nilielewa. Mtu akiniletea kitambaa cha gauni la mtoto, hawezi kunidai gauni la mama yake.

Nilimuuliza, na sisi tungejuaje? Akasema mngeuliza. Kabla ya kushika ufunguo mngemuuliza mwenye gari: bima hii inamlipa nani, inalipa kitu gani, na inaruhusu gari lifanye kazi gani. Kikaratasi cha kiooni kinasema bima ipo tu. Hakisemi ni ya nini. Maneno yenyewe yako kwenye ile hati anayoifungia mwenye gari ndani ya sanduku. Nilikumbuka kidole cha Edema juu ya kile kikaratasi, nikainamisha kichwa.

Kisha akauliza.

"Sasa mama. Ile siku, mliazima au mlikodi?"

Nilifungua mdomo, na sijui hata sasa ningesema nini, kwa sababu Shangazi Onzia alitokea uani wakati huohuo. Anakaa kwangu tangu ajali, anasema ni kunifariji. Alikuwa ameshika kuku mweupe.

Shangazi hajui kilichokuwa kinazungumzwa. Yeye aliona mgeni wa mbali, amelowa, anataka kuondoka mikono mitupu. Akamwekea kuku mapajani.

Bwana Kato akaruka. "Mama, hapana, hapana. Kazi yetu hairuhusu kupokea kitu."

"Kitu gani?" Shangazi akashangaa kweli. "Hii iko kuku."

Nilitaka ardhi inimeze. Bwana Kato alinitazama, akamtazama Shangazi, akamtazama kuku. Shangazi hakurudi nyuma hata hatua moja. Mwishowe mwanamume yule akacheka, akamshukuru kwa mikono miwili kama watu wanavyoshukuru, akaniambia atakuja kesho asubuhi tumalize lile swali, na akaingia mvuani na viatu mkono huu na kuku mkono ule.

Wakati ule niliona aibu tu. Baadaye, nikiwa nakata uzi, wazo likanijia likanisimamisha wima.

Kesho akiniuliza kama kuku ni malipo, nitamuuliza: je, wako wewe alikuwa nini? Ukisema wako ni asante, basi na wetu ni asante, lipa mguu. Ukisema wetu ni malipo, basi na wewe umelipwa, na kazi yenu hairuhusu. Nimemfunga. Niliinuka nikatembea kutoka ukuta mpaka ukuta nikicheka peke yangu. Muuza chumvi akachungulia tena. Nilijiona mjanja kuliko Mama Furaha na jino lake la dhahabu.

Raha ile haikudumu hata cherehani ipoe.

Kwa sababu nilianza kufikiri mambo yalivyokuwa, siyo yanavyoweza kusemwa. Kuku wa Bwana Kato alikuja bila kuombwa. Asingempokea, bado angerudi kesho na swali lake. Shangazi hataki kwake chochote, angempa hata mwizi kama mwizi angelowa mlangoni kwetu. Lakini wale wetu? Mama Furaha aliwapima kwa mkono, akawafungia bandani, ndipo akatoa ufunguo. Wangefika wanne asingeutoa. Mimi nilikuwapo. Nilisimama pale nikisubiri amalize kupima, na moyo wangu ulikuwa juu kwamba mmoja hana uzito wa kutosha.

Asante haipimwi uzito.

Basi ni hivyo. Tulikodi. Tulikodi kwa kuku, tukalipa watano, wa sita akatukatalia njiani. Nimeliandika, na mkono bado unaandika, sijafa.

Naogopa, shajara. Naogopa uso wa Edema jioni hii akirudi. Naogopa Mama Furaha, ambaye ataniita msaliti mpaka Vurra nzima isikie, naye atakuwa na haki kidogo, maana nilicheka naye. Na naogopa kwamba kesho Bwana Kato atavaa koti lake la mvua, aende zake, na mguu ubaki umelala Kuluva bila wa kuulipia. Labda kuna njia nyingine ndani ya sheria zao, nitamuuliza, siwezi kujua bila kuuliza na hilo angalau nimejifunza. Labda hakuna.

Lakini yule fundi ameniomba kitu kimoja tu, na ni kitu ninachoweza kutoa.

Nusu saa iliyopita nilimwita Shangazi nikamweleza yote, polepole, bima, ada, kuku, kukodi. Alisikiliza mkono shavuni. Nilifikiri atasema nidanganye. Aliuliza hivi: hao watu wanaoweka kidogo kidogo ili aliyepatwa asianguke, wanakaa wapi? Nikasema Kampala. Akauliza wanamjua Wani? Nikasema hawamjui.

"Sisi tunamjua," alisema Shangazi. "Sasa kwa nini unangoja watu ya Kampala?"

Tulijua kukusanya kuku kwa siku moja kwa ajili ya kupanda gari. Kwa mguu tumekaa tangu siku ile tunamngoja mtu mwenye koti la mvua.

Sasa hivi namsikia uani, na majirani wawili wamekuja na mmoja anabishana naye kuhusu mbuzi. Wanasema michango ipelekwe Jumapili. Wengine wataanzia Kuluva kwa Fundi Wani, wengine wapande mpaka Koboko kwa mkewe na watoto, na kila mwezi zamu ya nyumba nyingine mpaka mtu yule asimame kwenye meza yake. Edema atampelekea mbao za mvule, kitanda kitachongwa upya. Sijui kama wazee wa Kiden watakubali. Sijui kama itatosha. Gauni bado liko ukutani, na pindo bado linanidai.

Kesho atakuja, nitampa maji anawe miguu, nitamwambia tulikodi. Habari za kuku wake sitazigusa. Amle kwa amani.

Shangazi amepaza sauti sasa hivi kuniuliza tutakwenda Kuluva na chombo gani. Nimemjibu kwa miguu. Na kuku safari hii nitawafunga mimi mwenyewe.